Nani Apigiwe Hodi Bwawani

Sogeeni karibu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ndani, unatuzibia hewa. Nitawapa hadithi, lakini nasema mapema: mwisho wake sina. Asije mtu akanishika shati hapa akidai nimemficha. Mwisho mtautafuta wenyewe, nami nitakaa pembeni niwaangalie mnavyobishana.

Kando ya Mto Msagati, pale mto unapojikunja na kutulia ukafanya bwawa, palikuwa na kijiji cha watu waliokula samaki, wakauza samaki, na wakigombana basi waligombania samaki. Katika kijiji hicho walikuwepo watu watatu waliojaliwa.

Wa kwanza ni Mwajabu, mjane, na yeye alijaliwa pua. Nikisema pua sisemi ya kupendeza, maana ya kupendeza hakuwa nayo. Nasema pua ya kunusa. Mwajabu alinusa mvua ikiwa bado iko milimani. Akipita nje ya nyumba yako alijua ndani kuna mgonjwa wa homa, au maharage yameshika chini, au mume amerudi safari. Watoto wakiiba maembe walikuwa wakizunguka njia ya mbali wasikutane naye.

Wa pili ni Mwanamvua, muuza samaki, na yeye alijaliwa mikono. Alimshika samaki ambaye hajaguswa na kisu, akambinyabinya tumbo kidogo, akakwambia huyu ana mayai, huyu hana, huyu mwache. Wenzake walipara magamba macho yakiwa kwenye kisu. Yeye alipara huku anapiga soga na kuangalia nani anapita barabarani na nani.

Wa tatu ni Semboja, mwanamume wa makamo, na yeye alijaliwa pumzi. Semboja akizama bwawani, wewe uliyeko ukingoni ungewasha sigara, ukaivuta ukaimaliza, ukaingiwa na wasiwasi, ukaita watu, watu wakaja mbio, ndipo aibuke ng'ambo akiuliza kuna nini. Wavuvi nyavu zao zikinasa kwenye visiki walimwita yeye. Na alipenda kuitwa, hilo lazima niseme.

Sasa shikeni hii desturi ya kwao. Bwawa lilikuwa na mlinzi. Simaanishi askari mwenye rungu. Alikuwa mtu aliyekubaliwa na wote, na kila aendaye majini, awe mvuvi, awe mchota maji, awe mtoto anayekwenda kuoga, lazima apite kwanza mlangoni kwake apige hodi, naye ajibu karibu. Bila karibu hiyo hakuna aliyelowesha mguu. Mlinzi ndiye aliyesema leo nyavu zikae, samaki wanataga. Kila mvuvi akirudi alimwachia kitoweo. Na mlinzi akifa, kijiji kizima kilikaa kuzunguka sinia moja kikala perege wa bwawani, kila mtu tonge moja, tonge la kumuaga. Waliamini kwamba mwenye kinyongo na marehemu, tonge hilo halimpiti kooni.

Basi akafariki mlinzi wa wakati ule, Mzee Sengasu. Watu wakakaa, sinia ikazunguka, ikafika kwa Mwajabu. Akamega, akapeleka mdomoni. Hapo harufu ikampiga. Chini ya ndimu na bizari, ndani kabisa ya nyama ya yule perege, kulikuwa na harufu ya mkonge uliooza. Mkono ukashuka ukarudisha tonge siniani.

Angesema tu. Hapo mimi humlaumu. Lakini mjane wa marehemu alikuwa amekaa mbele yake, kanga kichwani, macho yamevimba, na ndiye aliyempika yule samaki kwa mikono yake. Utamwambiaje mfiwa kwamba chakula chako kinanuka? Mwajabu akaona adabu ni kunyamaza. Adabu ikamponza. Watu walichokiona ni mkono uliorudi.

Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angejitetea. Watu walipunguza tu. Waliokuwa wakiazima kinu kwake wakaenda kuazima kwingine. Salamu alipewa, lakini zile za njiani, mtu anajibu huku anaendelea na safari yake. Mwanamvua, shoga yake wa tangu usichana, aliyekuwa akija kila jioni wasukane nywele, akaanza kuwa na shughuli. Leo shughuli, kesho shughuli, mwisho hata kusema ana shughuli akaacha.

Mlangoni kwa Mwajabu hodi ikakatika. Alipika, na kwa mazoea akapika cha wawili, akala kesho yake kile kilichobaki, na keshokutwa akakimwaga. Alizungumza na sufuria. Alimkemea kuku kwa maneno mengi kuliko kosa lake. Siku moja alitoka nje, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akasema hodi, ili aisikie tu masikioni. Kisha akaona haya, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona, akaingia ndani. Hapakuwa na wa kumwona.

Na ile harufu haikuacha kuja. Juu ya mto kulikuwa na kiwanda cha mkonge, na kila kiliposafisha mitambo yake Mwajabu alinusa maji yakiteremka, kabla hayajabadilika rangi, kabla mtu mwingine yeyote hajashuku kitu. Akaijua mpaka siku zake. Sasa amwambie nani? Akasema moyoni, si hawanitaki, haya, wayanywe. Ndiyo, alisema hivyo. Sitaki mje mseme baadaye kwamba nilimpamba. Aliwaona watoto wa watu wanakwenda kuoga siku za harufu, akakaa kizingitini kwake, akanyamaza. Jioni alilia, lakini asubuhi hakusema.

Bwawa likaugua. Perege walikuwa wakipanda juu alfajiri, midomo wazi, wakihema hapo juu ya maji mpaka kunguru wanawaokota. Waliovuliwa walikuwa na migongo iliyokonda kama kisu na matumbo makubwa. Na kwa kuwa desturi ilikataza kuweka mlinzi mpya wakati bwawa ni gonjwa, nafasi ya Mzee Sengasu ikabaki wazi, na watu wakawa wanaingia majini bila hodi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba aliyerudisha tonge ndiye anayejua bwawa limefanywa nini. Minong'ono hiyo ilimfikia Mwajabu, akafunga dirisha la upande wa barabara.

Jioni moja akasikia, "Hodi."

Alidhani ni kichwa chake. Akaendelea kuchambua mchele.

"Hodi humu ndani. Mwajabu, ni mimi."

Akafungua. Alikuwa Mwanamvua, beseni la samaki ubavuni, limefunikwa jani la mgomba.

"Miezi yote hii," Mwajabu akasema, "leo unaniletea samaki."

"Ningekuletea nini, shoga? Uso sina."

"Ingia. Mbu wanaingia."

Mwanamvua aliketi, akafunua beseni, na kabla hajaulizwa akasema yake. Alisema amekuwa akiisikia minyoo matumboni mwa samaki tangu zamani, tangu kabla ya msiba. Minyoo myeupe, bapa, mirefu kama utepe. Mikono yake iliisikia samaki akiwa bado hajapasuliwa. Aliitoa, akaifukia nyuma ya nyumba, akakaanga samaki, akauza. Alijiambia moto umemaliza kila kitu. Angesema, nani angenunua? Lakini sasa minyoo ilikuwa mingi mpaka matumbo yanapasuka yenyewe, na mashavu ya samaki, yale mekundu wanayopumulia, yalikuwa yamepauka na kujaa ute.

"Siku ya tonge," Mwanamvua akasema, "uliona nini?"

"Sikuona. Nilinusa."

"Na mimi ndiye niliyempara yule samaki. Nilijua hayuko sawa. Nikakaa kimya, nikakuacha wewe usemwe."

Mwajabu alivuta beseni, akaanza kunusa mmoja baada ya mwingine. Mkonge. Mkonge. Mkonge. Akafika kwa perege mmoja mnono, akamgeuza, akamrudia mara ya pili.

"Huyu hanuki."

"Huyo amevuliwa juu, kupita kiwanda," Mwanamvua akasema. Akampitishia vidole tumboni. "Naye ana mnyoo, mmoja tu. Amenona na mnyoo wake. Hawa wa huku wanayo tele na wanakufa. Mto ni mmoja na mnyoo ni uleule, shoga. Sasa kwa nini hawa wafe?"

Walikaa wakitazamana juu ya lile beseni, na Mwajabu alikuwa anaogopa jambo moja tu, kwamba mwenzake atanyanyuka aage.

Kesho yake wakaenda pamoja ukingoni kuelekea juu. Wenye kiwanda walikuwa wakiapa kwamba maji yao machafu yanaishia kwenye mashimo yao wenyewe, na kweli, mfereji wao wa zamani ulikuwa mkavu, mbuzi wanalala humo. Mwajabu alitembea pua mbele, Mwanamvua nyuma yake, na watu waliokuwa wakipalilia mashamba ya kando wakaacha majembe wakawafuata kwa mbali kuona hawa wawili wamepatwa na nini. Penye matete mengi, Mwajabu akasimama.

"Hapa. Inatokea chini."

Chini kulikuwa na maji meusi na kina kirefu. Akaitwa Semboja.

Semboja akavua shati, akazama. Walingoja mpaka Mwanamvua akaanza kuomba dua. Alipoibuka alikuwa ameshika konzi la matope, na konokono wamejaa mpaka kiganjani. "Bomba," akasema akihema. "Limefukiwa, mdomo umefichwa kwenye mizizi ya matete. Linatapika uchafu, na hao konokono wamelizunguka, hujawahi kuona." Watu wakapiga makofi. Akazama tena, akafunga kamba kwenye mdomo wa lile bomba ili kamba ionekane juu. Makofi tena. Mwajabu akamwambia, "Kaka, inatosha, maji hayo si ya kukaa." Akacheka, akazama mara nyingine akafukue bomba lenyewe lionekane. Alirudi juu anakohoa, na kikohozi kile hakikumtoka tena. Tangu siku hiyo Semboja kupanda kilima kidogo tu anakaa chini njiani.

Akaja Bwana Samaki, afisa wa uvuvi kutoka wilayani, akachota maji kwenye chupa, akapasua samaki wa juu na wa chini, akakaa na watu akawaeleza. Alisema minyoo imo katika mito mingi, na samaki mwenye afya hubeba mmoja au wawili maisha yake yote bila shida. Lakini uchafu wa mkonge ukioza majini unakula ile hewa iliyomo kwenye maji. Samaki akikosa hewa anadhoofika, na aliyedhoofika hana nguvu ya kupambana na wadudu, basi wa tumboni wanazidi, wa mashavuni wanazidi. Na uchafu huohuo unastawisha utando ambao konokono wanaupenda, na konokono nao wanalea wadudu wengine wa samaki. Watu waliokuwa wanataka kumwaga dawa ya minyoo mtoni wakaliacha wazo hilo. Mmoja alikuwa ameshainunua.

Kiwanda kikaamriwa kuziba lile bomba na kuchimba mashimo ya kweli ya kutuliza maji machafu. Kilinung'unika, kikachimba. Masika yakaja yakausafisha mto, na masika mengine yakaja tena. Perege wakarudi kukaa chini kama perege wenye akili, wakanenepa. Bwawa likapona. Kwa hiyo sasa ikabidi apatikane mlinzi.

Mtadhani baada ya hapo watu walirudi kwa Mwajabu. Hawakurudi. Zamani walimkwepa kwa kumshuku, sasa walimkwepa kwa kuona haya, na mlango wake haukujua tofauti. Mwanamvua alikuja siku za mwanzo, kisha naye akapungua, maana habari ya minyoo iliyofukiwa ilienea, wateja wakamkimbia, akawa anashinda mbele ya meza tupu akipunga inzi, na mtu wa hali hiyo hana hamu ya kutembelea watu. Semboja alikuwa akikaa ukingoni kutwa akiangalia wengine wanaogelea. Wavuvi walipita wakamsalimia, wakaenda kunasua nyavu zao wenyewe. Kijiji kilichookolewa na hao watatu kilikuwa kinacheka kila jioni, nao kila mmoja yuko kwake.

Mkutano ukaitishwa. Wote walikubaliana kwamba mlinzi atoke kati ya hao watatu. Ugomvi ulianza hapohapo.

Mmoja akasema, "Ni Bi Mwajabu. Bila pua yake tungepajua wapi pale?"

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akainuka. "Pua hiyo haikosi kitu, basi harufu aliijua zamani. Wanangu walioga siku za uchafu, wakatoka vipele mwili mzima, na yeye amekaa kizingitini anawaangalia. Mlinzi gani huyo?"

Macho yakamgeukia Mwajabu. Akasimama, kanga ameikamata kifuani kwa mikono miwili. "Kweli, nilikosa," akasema. "Lakini mama, ningekuja kukwambia, ungenifungulia mlango?"

Yule mwanamke akainamisha kichwa, akamrekebisha mtoto mgongoni ambaye hakuwa amelegea.

Mwingine akasema, "Ni Mwanamvua. Bila mikono yake tungepigana na minyoo mpaka leo. Na ndiye aliyemeza aibu yake akaenda kupiga hodi. Asingekwenda, hawa wawili wengine wangekaa na vipaji vyao ndani."

"Alitulisha samaki wenye minyoo," akajibiwa.

"Niliwalisha," Mwanamvua akasema, "na mimi nilikula, na watoto wangu walikula."

Wavuvi wakasema, "Ni Semboja. Bila pumzi yake pua na mikono vingebaki kuwa maneno ya wanawake, na kiwanda kingetucheka. Hao wengine wametoa kipaji na wamebaki nacho. Yeye chake kimekwisha. Leo anaishi kwa nini?"

"Mara ya kwanza ilitosha," akasema mzee mmoja, Mzee Mhina. "Aliambiwa atoke. Kilichomrudisha chini ni makofi yenu."

Semboja akataka kujibu, kikohozi kikamkamata, na mpaka kilipomwachia watu walikuwa wameshaanza kuzungumza mengine.

Likaja wazo wawe walinzi wote watatu. Mzee Mhina akakataa. Wakiwa watatu, alisema, atakayekatazwa na mmoja atakimbilia kwa mwingine, na samaki watavuliwa wakiwa na mayai. Mlango ni mmoja.

Mwisho wakapatana hivi. Nyumba za hao watatu zote zilikuwa upande wa bwawani, na njia ya kwenda huko ilifika mahali ikagawanyika mara tatu. Alfajiri kila mtu atoke na ndoo yake au wavu wake, aende kwenye mlango wa yule anayemtaka, apige hodi. Mlango utakaopigiwa na wengi ndio wa mlinzi. Hakuna kurudia.

Alfajiri hiyo Mwajabu alikuwa amekwisha fagia mpaka chini ya kitanda. Alikuwa amebandika uji mwingi mno kwa mtu mmoja. Akaketi nyuma ya mlango, mikono mapajani, akaufikiria mlango wa Mwanamvua, ambao kama hauna hodi leo, hautakuwa na mteja kesho. Akamfikiria Semboja. Alijiambia kwamba akishinda yeye atawaita wote wawili waje kula, kisha akajua kwamba wangeona vigumu kuja, kama yeye angeona vigumu kwenda. Aliwahurumia kweli. Na bado aliitaka hodi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Akaanza kuwanusa. Walikuwa wanateremka. Sabuni ya mche. Tumbaku. Nyavu zenye shombo la jana. Mtoto aliyejipaka mafuta ya nazi. Mjane wa Mzee Sengasu, na ile ndimu yake isiyomtoka vidoleni. Kijiji kizima kilikuja mpaka pale njia inapogawanyika, kikasimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Na wewe umo. Usigeuke nyuma, nakusema wewe. Umesimama hapo na ndoo yako, kiu unayo, umande umekulowesha miguu. Kushoto ni kwa mwenye mikono, aliyewalisha minyoo, kisha akabisha hodi ya kwanza. Katikati ni kwa mwenye pumzi, aliyezama akiwa mzima akatoka mgonjwa, nusu kwa ajili yenu na nusu kwa ajili ya makofi. Kulia ni kwa mwenye pua, aliyekaa kimya kwa sababu mlimfundisha kukaa kimya. Harufu yako ameshaipata, hajui ni ya nani, na amefungua kinywa tayari kusema karibu.

Je, wewe ungepiga hodi mlango gani?